Mwanamke Mchekeshaji katika Njia ya Tabora: Kutoka Ngoma za Msafara hadi Jukwaa la Vichekesho

Kuchekesha hadhira kwa mwili, kwa sauti na kwa mavazi ni kipaji ambacho wanawake wamekuwa nacho katika kila jamii, lakini si kila jamii iliyokifanya kipaji hicho kiwe kazi yenye jina, mkataba na ujira. Nchini Uingereza, mwanamke aliyejaliwa kuchekesha aliweza tangu karne ya 19 kuishi maisha yake yote kwa kipaji chake, kwa sababu zilikuwepo kumbi, ulikuwepo msimu wa maonyesho unaojulikana, na ilikuwepo hadhira iliyozoea kulipa kiingilio. Katika mji wa Tabora na katika njia ya kale ya misafara iliyouunganisha na Bagamoyo upande wa mashariki na Ujiji upande wa magharibi, kipaji cha namna hiyo kilionekana kwenye ngoma, kwenye arusi, kwenye unyago na kwenye gwaride za vyama vya beni, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, kikashangiliwa usiku kucha, kisha mwenye nacho akarudi asubuhi shambani au sokoni. Tofauti ya hatima za wanawake hawa haikutokana na uwezo wao. Ilitokana na mambo yaliyowazunguka, yaani nani alijenga ukumbi, nani alikusanya kiingilio, na nani aliandika majina ya waliocheza.

Ili jambo hilo lieleweke, inafaa kwanza kuitazama sanaa ya Kiingereza inayoitwa pantomimu, ambayo ndiyo iliyowapa waigizaji wengi wa kike wa vichekesho kazi ya kudumu. Hapo mwanzo pantomimu ilikuwa igizo bubu, yaani mchezo unaosimulia kisa kwa miondoko ya mwili na mabadiliko ya uso bila maneno, na wahusika wake walitoka katika michezo ya jukwaani ya Italia. John Rich aliiendeleza jijini London kuanzia mwaka 1717, na karne moja baadaye Joseph Grimaldi, aliyeishi kati ya mwaka 1778 na 1837, akaipa sura ya mchekeshaji aliyepakwa rangi usoni ambayo dunia nzima inaijua hadi leo. Katika karne ya 19 maneno, nyimbo na ngano zikaingia, hata pantomimu ikawa tamasha kubwa la familia la msimu wa Krismasi, likisimulia visa kama kile cha Aladini, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kutoka hekaya za Alfu Lela Ulela. Katika tamasha hilo kuna desturi mbili za kubadilishana jinsia ambazo ni muhimu kwa mjadala huu: mama mzee mcheshi huchezwa na mwanamume aliyevaa gauni, na kijana shujaa, kama vile Aladini mwenyewe, huchezwa na mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume. Kwa njia hiyo ya pili mwanamke alipewa sehemu kubwa kuliko zote, akaimba, akapigana kwa upanga na akamposa binti wa mfalme, katika zama ambazo nje ya jukwaa mwanamke wa Uingereza hakuwa hata na haki ya kupiga kura ya kuchagua bunge.

Wanawake wawili wa zama hizo wanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyoweza kumfikisha mtu mbali. Marie Lloyd, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Matilda Wood, alizaliwa mwaka 1870 katika mtaa wa watu wa kawaida wa Hoxton jijini London, akaanza kuimba hadharani akiwa na umri wa miaka 15, na kuanzia mwaka 1891 akacheza kwa misimu mitatu mfululizo katika pantomimu za ukumbi wa Drury Lane, ambao ndio uliokuwa mkubwa kwa sanaa hiyo, akiwa jukwaa moja na Dan Leno, bingwa wa kucheza mama mzee. Ucheshi wake ulikaa katika jicho, katika bega na katika kunyamaza kwa wakati wake, kiasi kwamba wimbo usio na neno baya hata moja ulipotoka kinywani mwake hadhira ilielewa mambo mengine kabisa, na mtu yeyote aliyewahi kusikiliza mafumbo ya taarabu anaujua vizuri ustadi wa aina hiyo. Mwaka 1907 wasanii wa kumbi za muziki walipogoma kudai masharti bora ya kazi, Marie Lloyd, ambaye hakuwa na shida ya fedha, alisimama upande wa wasanii wadogo waliolipwa kidogo. Alipofariki mwezi Oktoba 1922, siku chache baada ya kupanda jukwaani akiwa mgonjwa, makumi ya maelfu ya watu walijitokeza kumzika.

Mwenzake, Vesta Tilley, alizaliwa mwaka 1864, akapandishwa jukwaani akiwa mtoto mdogo sana, na akajijengea sifa kwa kuigiza wanaume, kuanzia kijana mtanashati wa mjini mpaka askari, akivaa suti iliyoshonwa barabara na kuiga mwendo wa wanaume kwa uangalifu uliowafanya wanaume wenyewe waone makosa yao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipanda jukwaani akiwa amevaa sare za jeshi na kuhimiza vijana wajiandikishe vitani. Alistaafu mwaka 1920 akiwa na heshima kubwa na fedha za kutosha. Sare ile ya jeshi ikumbukwe, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, watu wa Tabora nao walikuwa wakicheza wakiwa wamevaa sare za kijeshi, kwa makusudi yao wenyewe.

Njia ya misafara ilikuwa na jukwaa lake hata kabla ya Wazungu kuifikia. Richard Burton na John Speke walipowasili Kaze, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora wa sasa, mwezi Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, chenye wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walioishi chini ya himaya ya watemi wa Unyanyembe. Burton alieleza kwa kirefu jinsi kirangozi, yaani kiongozi wa msafara aliyetangulia mbele ya wapagazi, alivyojipamba kwa vazi jekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani, na jinsi msafara ulivyoingia kijijini kwa kelele, milio ya bunduki na madaha yaliyokusudiwa kuwatoa watu nje wakatazame. Mwenye jicho la mtu wa sanaa ataona hapo maleba, yaani mavazi maalumu ya jukwaani, ataona mwendo uliopangwa, na ataona hadhira. Usiku, mizigo ilipotuliwa, ngoma zilipigwa na matukio ya safari yakasimuliwa kwa kuigiza, kwa kuwa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mafundi wa kugeuza taabu ya mchana kuwa nyimbo.

Wanawake walikuwemo katika misafara hiyo kwa wingi kuliko picha nyingi za kale zinavyoonyesha. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake kuhusu wapagazi kilichotolewa mwaka 2006, amewaonyesha wanawake hao wakiwa wake wa wapagazi, wapishi, wachuuzi na wakati mwingine wabebaji wa mizigo. Mmoja kati ya wachache waliotajwa kwa jina ni Halima, mpishi wa David Livingstone, ambaye Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimweleza kuwa mwanamke mwenye maneno mengi na bashasha nyingi, na ambaye baadaye alikuwa kati ya watu waliosafiri na mwili wa Livingstone, ukapita Unyanyembe mwaka 1873 na kufikishwa Bagamoyo mapema mwaka 1874. Halima hakuwa mwigizaji kwa maana ya kazi, na hapa hatajwi kwa sababu hiyo. Anatajwa kwa kuwa anaonyesha jinsi mwanamke wa msafara alivyohitaji kuwa na ulimi mwepesi ili aweze kusikika, na jinsi jina lake lilivyobaki tu kwa sababu aliishi jirani na mtu mwenye kalamu.

Miongoni mwa Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma, sanaa ya kutumbuiza iliendeshwa kwa vyama vya ngoma vilivyokuwa na taratibu kali za kujiunga, mafunzo na mashindano. Kiongozi wa ngoma, anayeitwa manju, alitunga nyimbo, aliongoza wachezaji, na alipaswa kuwa na maneno ya kumpiku mpinzani wake mbele ya umati, kwa kuwa katika mashindano ya Wagika na Wagalu, makundi mawili makuu ya ngoma ya eneo hilo, mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Walikuwepo pia Wayeye, ambao hucheza na nyoka, na Waswezi, chama cha kidini cha kupandwa na pepo ambacho wanawake wengi walijiunga nacho. Mambo ya Waswezi ni ibada, na si haki kuyaita mchezo. Hata hivyo mtafiti wa sanaa hawezi kupuuza kwamba ndani ya chama hicho mwanamke alipata ruhusa ya kuchukua sauti, jina na mwenendo usio wake mbele ya watu, jambo ambalo ndilo kiini cha uigizaji, wakati maisha ya kila siku yalimtaka anyamaze.

Hata hivyo, shule kubwa zaidi ya uchekeshaji wa wanawake ilikuwa faraghani, katika sherehe za unyago na za arusi ambazo wanaume hawakuruhusiwa kuziona. Katika unyago wa pwani, na katika miji ya bara iliyopata desturi za pwani kupitia biashara, kungwi aliyewafunda wali hakufundisha kwa hotuba. Alifundisha kwa ngoma, kwa fumbo na kwa kuigiza, akimwiga mume mlevi, mke mvivu, wifi mwenye kisirani na bwana harusi asiyejua afanye nini, huku wanawake wakicheka hadi wakalia. Fatuma binti Baraka, anayejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliyezaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo kisiwani Unguja na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa bingwa wa ngoma za unyago kwa miongo mingi kabla ya dunia kumfahamu kama mwimbaji wa taarabu, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX barani Ulaya. Waliomwona jukwaani wanakumbuka mikono yake, macho yake na jinsi alivyoweza kuangusha ukumbi kwa kicheko bila kutamka neno, na ustadi huo aliupata katika nyumba za wanawake wenzake. Ni jambo la kusikitisha kwamba sanaa yenye kina namna hii ilihesabiwa kuwa mambo ya kike ya ndani, na kwa hiyo ikakosa nafasi katika vitabu vya sanaa za maonyesho.

Beni ndiyo iliyoitoa sanaa ya kuigiza ya mjini barabarani mchana kweupe. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta, gwaride, sare na vyeo, na ikasambaa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na askari, makarani na wapagazi. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilivyoshindana mji hadi mji, Marini ikijinasibisha na watu wenye hadhi na Arinoti ikiwa ya watu wa kawaida. Tabora ulikuwa mji unaofaa kabisa kwa mashindano hayo, kwa kuwa reli ya kati iliufikia mwaka 1912 na ulikusanya watu wa kila kabila na kila kazi. Mji ulipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, wapagazi na askari waliopita hapo waliondoka na beni hadi Kongo na nchi za kusini. Wakati Vesta Tilley alipovaa sare kule London ili kulitukuza jeshi, wachezaji wa beni walivaa sare ili kulipima jeshi: waliiga amri, saluti na hatua kwa ufundi ambao ulikuwa heshima na dhihaka kwa pamoja, na wanawake walikuwa na matawi yao na vyeo vyao ndani ya vyama hivyo.

Mfano ulio wazi zaidi wa nafasi ya mwanamke katika igizo bubu la aina hiyo ulirekodiwa mbali kidogo na Tabora, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia ya leo, ambako kizazi cha beni kiliitwa kalela. Mtaalamu wa elimu ya jamii J. Clyde Mitchell, katika utafiti alioutoa mwaka 1956, aliwaeleza vijana wa kikundi kimoja cha kalela waliocheza wakiwa nadhifu kupindukia, wakiwa na mfalme wao na daktari aliyevaa koti jeupe. Mwanamke katika kikundi hicho alikuwa mmoja tu, naye alicheza kama muuguzi aliyevaa mavazi meupe, akipita kati ya safu za wachezaji akiwa na kioo na kitambaa ili wajitazame na kujifuta jasho. Sehemu hiyo haina maneno hata kidogo, lakini inasema mengi kuhusu hospitali za kikoloni, usafi, majivuno ya vijana wa mjini na macho ya mwanamke anayewatazama. Katika jumba la London mwanamke huyo angeandikwa kwenye bango la mlangoni, na kwa haki angestahili.

Pantomimu yenyewe ya Kiingereza ilifika Tanganyika, ila haikuwafikia wananchi. Walowezi na maofisa wa Kiingereza walianzisha jumba dogo la maonyesho Dar es Salaam mwaka 1947 na jingine Arusha mwaka 1953, wakicheza humo michezo ya kwao kwa ajili yao wenyewe. Mafunzo ya tamthilia za Kiingereza yaliwafikia Waafrika kupitia shule, na kwa upande wa magharibi Tabora ndiyo iliyokuwa kitovu cha elimu, ikiwa na shule ya serikali ya wavulana aliyosoma Julius Nyerere kabla ya kwenda Makerere, shule ya wasichana, na shule ya misheni ya Mtakatifu Maria ambako Nyerere alifundisha kuanzia mwaka 1946. Ni mwalimu huyo wa Tabora aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo ya pili, ambayo kwa mpangilio wake ni komedia, yaani mchezo unaomalizika kwa furaha, Portia na mtumishi wake Nerissa wanavaa mavazi ya kiume, wanaingia mahakamani na kuwashinda wanaume kwa akili. Msichana wa sekondari aliyepewa sehemu ya Portia alipata, pengine bila kujua, mafunzo yale yale yaliyowajenga waigizaji wa kike wa pantomimu: jinsi ya kusimama, kutembea na kusema kama mwanamume, na kuifanya hadhira ifurahie kujua siri ambayo wahusika wengine hawaijui.

Wakati huo huo sanaa nyingine ilikuwa inakua mijini bila msaada wa shule. Kichekesho, kama kinavyoitwa, ni igizo fupi lisiloandikwa, ambalo waigizaji hukubaliana kisa chake kwa muhtasari na kujitungia maneno palepale jukwaani. Ebrahim Hussein, mtunzi wa *Kinjeketile*, alikichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1975, na wataalamu wa sanaa za maonyesho wamekihusisha na sinema za kuchekesha za kigeni, zikiwemo za Charlie Chaplin, zilizoonyeshwa mijini kati ya vita kuu mbili. Kichekesho kilikuwa na wahusika wanaorudiwarudiwa, kama mtu wa shamba aliyeingia mjini, tajiri bahili, mtumishi mjanja na mke mwenye domo, na kwa muda mrefu kilitumika kujaza nafasi kati ya nyimbo za taarabu au vipindi vya muziki wa dansi. Sehemu ya mke mwenye domo ilichezwa mara nyingi na mwanamume aliyejifunga khanga, kwa kuwa mwanamke wa heshima hakutarajiwa kujianika mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilipata nusu ya desturi ya pantomimu, ile ya mwanamume katika gauni, na ikaikosa nusu ya pili iliyompa mwanamke suruali, upanga na mshahara.

Mabadiliko yalikuja na dola. Wizara ya utamaduni iliyoundwa mwezi Desemba 1962, mwanzoni mwa jamhuri, ilifuatiwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na, mwaka 1974, maigizo, na kwa mara ya kwanza mwanamke aliweza kusema kwamba ameajiriwa na serikali kwa kazi ya jukwaani. Vikundi hivyo vilipovunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 kwenye mji ule ule ambapo wapagazi wa Tabora walikuwa wakitua mizigo yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wanawake waliotunga, walioongoza na walioigiza, na ambao mwaka 1978 walishirikiana na Ndyanao Balisidya kutoa tamthilia ya *Harakati za Ukombozi*.

Hata hivyo, ajira hasa ya mchekeshaji wa kike ililetwa na vikundi vya kibiashara vya Dar es Salaam. Kikundi cha Muungano kilianzishwa mwaka 1980 na Norbert Chenga, na mwaka 1992 Chama cha Mapinduzi, kikijiandaa kwa ushindani wa vyama vingi, kikaanzisha Tanzania One Theatre, iliyofahamika kama TOT na kuongozwa na John Komba. Usiku mmoja wa vikundi hivyo, uliofanyika katika uwanja wa baa au ukumbi wa jamii, ulichanganya ngoma za asili, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza wa saa nzima na taarabu, na kwa muundo wake haukutofautiana sana na usiku wa kumbi za muziki alimokulia Marie Lloyd. Msanii alitarajiwa kujua kila kitu: mwanamke aliyecheza ngoma ya sindimba mwanzoni alirudi baada ya muda akiwa mama mkwe mkorofi katika kichekesho, kisha akasimama nyuma ya mwimbaji wa taarabu akiitikia. Hadhira ilikuwa ya watu wa kipato cha chini, wengi wao wanawake, nao hawakuvumilia uvivu. Kisa kilipochelewa kuchekesha walisema waziwazi. Yeyote anayedhani kazi hiyo ni nyepesi kuliko tamthilia iliyoandikwa hajawahi kusimama mbele ya watu wa namna hiyo bila maneno ya kukariri.

Gharama ya kazi hiyo kwa mwanamke ilikuwa kubwa. Alirudi nyumbani usiku wa manane, alisafiri mikoani kwa wiki nyingi pamoja na wanaume, na jirani aliyemshangilia jukwaani ndiye aliyemwita mhuni kesho yake dirishani. Mwanamume aliyecheza mlevi hakudhaniwa kuwa mlevi, ilhali mwanamke aliyecheza hawara alihukumiwa kana kwamba ameungama. Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa tofauti sana katika hili, kwa kuwa mwaka 1912, mfalme alipoandaliwa onyesho maalumu la wasanii wa kumbi za muziki, Vesta Tilley alialikwa na Marie Lloyd akaachwa, akionekana hana adabu ya kutosha. Wanaoamini kwamba dharau kwa wanawake wa jukwaani ni tabia ya Waswahili peke yao wanapaswa kulikumbuka tukio hilo.

Televisheni ndiyo iliyopanua uwanja. Nchini Kenya, Mary Khavere alijulikana kwa kila mtazamaji kama Mama Kayai katika kipindi cha *Vitimbi*, akibishana na mumewe wa kuigiza, Mzee Ojwang', aliyechezwa na Benson Wanjau, ambaye alifariki mwaka 2015. Nchini Tanzania, vituo vya binafsi vilivyoanza katika miaka ya 1990 viliwaingiza nyumbani wasanii wa vikundi kama Kaole, na wanawake kama Bi Hindu wakawa watu wanaotambuliwa mitaani kwa majina ya wahusika wao. Desturi ya mwanamume katika gauni nayo haikufa: Lucas Mhuvile, anayeitwa Joti, alijipatia umaarufu mkubwa katika kipindi cha *Ze Komedi* kwa kucheza wanawake wa kila umri, na ustadi wake hauna ubishi. Hatua iliyokuwa haijafikiwa ilifikiwa na Mganda Anne Kansiime, aliyezaliwa mwaka 1986 na kusoma Makerere, ambaye kwa michezo mifupi ya televisheni na mtandaoni aliimiliki kazi yake mwenyewe, akicheza mwanamke asiyekubali kuonewa na akijaza kumbi katika nchi nyingi bila kuhitaji mume wa kuigiza wa kubishana naye.

Tabora, mji uliolipa taifa bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, na ambao kikundi chake cha Hiari ya Moyo cha Mzee Mwinamila kilisikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania, una sababu zote za kuhifadhi habari za wachekeshaji wake wa kike kabla mashahidi hawajamalizika. Makumbusho ya Kwihara, karibu na mji huo, yanamkumbuka Livingstone, na ni vyema yafanye hivyo, lakini chumba kimoja cha picha za manju, makungwi, wachezaji wa beni na waigizaji wa vikundi vya miaka ya 1970 na 1980 kingemweleza mgeni mengi zaidi kuhusu watu wa njia ile. Familia zenye picha za ngoma, kanda za kaseti, kadi za vyama au bibi anayekumbuka nani aliigiza nini katika arusi ya nani ziandike majina, mwaka na mahali, kisha zipeleke nakala kwa ofisa utamaduni wa wilaya au kwa walimu wa sanaa wa shule iliyo karibu, na walimu nao wawatume wanafunzi wakawasikilize bibi hao wakiwa bado hai.